Mlio wa Mabalako

Saa nne asubuhi rekoda ya Agar ililia kwa sauti ya ndege, na betri zake zilikuwa pembeni, juu ya meza. Agar aligeuka huku na huku. Katika ofisi yao ndogo ya Butembo hakukuwa na mtu, ila harufu ya manyoya yaliyoungua.

Tuseme ukweli, Agar alikuwa na kijicho. Miaka sita alikuwa akirekodi ndege na kuweka sauti zao kwenye maktaba ya mtandaoni, ambako mtu yeyote duniani huzichukua bure, mradi ataje aliyerekodi. Kisha Timothée akaja kufanya naye kazi, mwaka jana tu, na sifa zote zikaenda kwake. Agar roho ilimuuma hata chakula kikawa hakipiti.

Basi wiki iliyopita alikuta kwenye kompyuta ya ofisi mlio wa ajabu ambao Timothée aliurekodi msituni Mabalako na hakuutuma popote. Anauficha, huyu, akajisemea. Desturi yao ni kutaja jina na mahali mwishoni mwa kila rekodi. Agar alikata maneno ya Timothée, akaweka yake: "Agar, Mabalako." Akatuma. Alisifiwa siku tatu, akalala usingizi mtamu.

Sasa Timothée aliingia, akausikia mlio, akaganda mlangoni.

"Yaya Agar," alinong'ona, akimwita dada mkubwa kama kawaida yake, "ile haiko ndege. Nilitafuta muti kwa muti, sikuona kitu. Njo maana sikuituma."

Timothée alimpeleka Beni kwa pikipiki, maskini, bila kujua kosa la Agar. Mwalimu Amisi, anayewasomea watu wenye majini, alimkalisha Agar mkekani.

"Mutoto yangu, hii jini iko na wivu kukupita weye. Sema hapa nani alichukua ile sauti kule Mabalako na mashini, itakuacha. Ukikatala, itabeba yako."

"Yaya, sema tu," Timothée alisihi, akamshika mkono.

Neno moja tu: Timothée. Lakini mkono ule ulikuwa wa mtu aliyempokonya sifa, na mlio ukaanza juu ya bati, mchana kweupe, ukashuka ukutani, ukapita chini ya mkeka, na harufu ya manyoya ikajaa chumbani mpaka Mwalimu akakohoa katikati ya kisomo, ukampanda Agar mgongoni, ukamkaa shingoni, naye akamtazama Timothée, akaona jinsi sifa zote zitakavyorudi kwake, akafumba macho.

"Ni miye," akasema. "Agar."

Mlio ukanyamaza. Timothée hakujali uongo ule; mlio umeondoka, akacheka kwa furaha. Agar alitaka kumwambia waende nyumbani, akafungua kinywa, na hakikutoka kitu. Alijaribu tena. Machozi yalimtoka kimya kimya.

Waliporudi Butembo, Timothée, ambaye sasa alikuwa ameelewa, alifungua ukurasa wa Agar kwenye maktaba aufute ule mlio. Hakuukuta. Mahali pake palikuwa na rekodi ya mwanamke anayelia, na sauti aliijua mara moja.

"Ni Timothée," ililia. "Ni Timothée alichukua. Ni Timothée."

Agar alisimama nyuma yake, mikono kooni, akisoma. Watu arobaini walikuwa wameshaichukua. Penye jina la aliyerekodi palikuwa patupu. Na pale panapoandikwa jina la ndege, paliandikwa: Agar.