Nilimfundisha Kusema Asante kwa Kiingereza

Nina miaka arobaini na sita. Ni mwalimu wa Kiingereza katika shule moja ya sekondari hapa Kampemba, Lubumbashi, na nina binti mmoja, Aline. Wanafunzi wananiogopa kwa ukali wangu. Laiti wangejua jinsi mwalimu wao alivyokuwa mjinga nyumbani kwake!

Mume wangu alikuwa jenerali. Nilikaa naye miaka kumi na minane. Mahari alitoa, wajomba zangu wakala mbuzi, lakini kwenda commune, yaani ofisi ya serikali ya mtaa, kusaini ndoa... kila mwaka alikuwa na sababu. Nikajiambia karatasi ni karatasi tu. Si watu wote walikuwa wananiita madame wa jenerali?

Nchi yetu na majirani zake zina muungano wa ulinzi. Juu ya maofisa wa nchi zote hukaa mtu mmoja, chef d'état-major, yaani mnadhimu mkuu, na safari hii zamu ilikuwa yetu. Mume wangu alikitaka cheo kile mpaka hamu ya kula ikamwisha. Tatizo lilikuwa moja: mahojiano yalifanywa kwa Kiingereza, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji.

Nikamfundisha mimi. Mwaka mzima, kila nikitoka shuleni! Neno lao la kusema asante lilimshinda kabisa, maana ulimi lazima ukae katikati ya meno. Nilimshikia kioo mbele ya mdomo, jenerali mzima, aone ulimi wake unakwenda wapi. Siku moja alikasirika, akakivunja. Nikanunua kingine.

Kisha nikaona anahitaji mtu wa kuzungumza naye. Mwalimu hodari mimi! Nikamleta Clarisse, binti wa mfanyabiashara wa Kipushi, aliyekulia ng'ambo ya mpaka, Zambia. Kiingereza kilimtoka bila kufikiri. Mara mbili kwa wiki, alasiri, walikaa barazani wakiongea, na chai niliwapelekea mwenyewe. Nilimfuata kwao kwa miguu yangu, jamani!

Mwezi wa mahojiano, mama yangu akaugua. Alikaa Kipushi, katika nyumba aliyoachiwa na baba, mfanyakazi wa mgodi. Kipushi si mbali, ni mwendo wa saa moja tu kwa teksi. Mdogo wangu, ambaye huniita yaya, yaani dada, akapiga simu: "Yaya Marthe, mama iko mugonjwa sana. Iko nakuita weye. Utakuya lini?"

Nilimweleza mume wangu. Akanishika mikono yote miwili. "Mama Aline, siku tano tu. Weye ukienda, mi nitaanguka."

Nikabaki. Simu ikalia kesho yake, ikalia na keshokutwa. Ninakuja, nikasema, ninakuja... Siku ya nne nilikuwa nimemshikia kioo, akalitamka lile neno vizuri kwa mara ya kwanza. Nilipiga makofi! Simu nayo ilikuwa inalia mezani. Mama alikuwa amekufa.

Mdogo wangu hakunilaumu, na heri angenilaumu. Aliniambia tu kwamba kila gari lilipopita, mama aliuliza kama ni mimi. Nilikaa kilioni wiki mbili, na Clarisse akabaki Lubumbashi kumsimamia mume wangu mazoezi ya mwisho. Nikiwa huko nikapata ujumbe wa mume wangu kwamba amefaulu na cheo ni chake. Hakuuliza mama tumemzika wapi.

Kabla hajaondoka kwenda makao makuu ya muungano, maofisa wa kigeni walikuja kumwona, tukawakaribisha chakula nyumbani. Nilipika mwenyewe bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo na samaki. Nilipotoka na sahani, ofisa mmoja mwenye mvi aliuliza mimi ni nani. Mume wangu akamjibu kwa Kiingereza safi, bila kukwama, kwamba mimi ni mpishi wa nyumbani.

Nilielewa kila neno... Si nilimfundisha mimi? Clarisse alikuwa amekaa kuume kwake, eti mkalimani, akitazama sahani yake.

Nililia jikoni. Wageni walipokwenda nikamtaka aniambie nimemkosea nini.

"Njo protocole, Mama Aline! Dossier inaomba acte ya mariage, ile karatasi ya ndoa, na siye hatukusaini. Ningesema weye ni bibi yangu, bale bantu bangeniuliza maulizo mingi. Nikishakaa muzuri kule, nitakuya, tutaenda ku commune."

Nikamwamini. Sasa sikieni aibu yangu halisi, ambayo hata padri sijamwambia. Baada ya kuitwa mpishi nyumbani kwangu, niliketi nikamwandikia hotuba yake ya kuapishwa! Mwishoni nikaweka sentensi moja kwa ajili yangu: asante kwa mke wangu, aliyenipa maneno nilipokuwa bubu. Tukairudia mpaka ikamkaa. Akacheka, akasema, "Pale njo utajua kama ninakupenda."

Siku ya kuapishwa, televisheni ilionyesha. Nilishona kitenge kipya, nikaita majirani, nikamwita na mdogo wangu kutoka Kipushi. Mume wangu alisoma vizuri, haki ya Mungu! Akafika kwenye sentensi yangu. Ulimi ukakaa katikati ya meno, mahali pake hasa. Majirani wakapiga vigelegele.

Kamera ikageuka. Mstari wa mbele alisimama Clarisse, na kofia nyeupe kichwani, akainama kupokea makofi.

Vigelegele vikakatika. Aline akanivuta mkono: "Mama, juu ya nini Clarisse njo anasimama?" Nikaizima televisheni.

Kesho yake nilikwenda commune. Karani akafungua kitabu, akanionyesha sahihi zao mbili. Walisaini wiki ya pili ya kilio, mimi nikiwa bado nimeketi chini kwa mama, Kipushi. Ile ahadi ya commune aliyonipa jikoni, alinipa akiwa mume wa mtu tayari!

Nyumba ilikuwa ya jeshi. Tulipewa siku tatu kutoka, na leo tumepanga vyumba viwili katika mtaa uitwao Kenya, hapa hapa Lubumbashi, mimi na Aline. Simu zangu jenerali hapokei. Shukrani ya punda ni mateke, na mateke haya niliyaandika kwa mkono wangu na kuyasahihisha.

Dada zangu, msikae miaka na mwanamume kwa jina la madame. Sainini! Msimwandalie mtu cheo kwa kujifuta nyinyi wenyewe. Lakini kama haya yote yatawaingia sikio moja na kutokea la pili, nawaombeni mshike hili moja. Mume naweza kumsahau. Kila teksi ikipita hapa nje, namsikia mama anauliza kama ni mimi. Mama yako akikuita, nenda.