Uso wa Kwenye Boksi

"Mama Sabuni, nguo zimeanikwa."

Sauti ya Mkuu ilitoka ndani ya hereni ya sikio la kushoto. Maana yake: lori limeshaingia ghalani.

"Nimeliona," alijibu, akaegesha Toyota nyuma ya gereji.

"Likitoka, ile dawa feki inafika zahanati leo hii. Watoto wameshakufa kwa sababu yake. Namtaka na mwenye mzigo. Hatumjui hata kwa jina."

Mama Sabuni lilikuwa jina la utani, zawadi ya tangazo moja la sabuni. Alikuwa mwanamitindo wa sura ya kawaida: mama anayefua, mteja anayetabasamu benki, abiria wa dirishani. Warembo walivaa magauni. Yeye alivaa aproni. Idara ya upelelezi ilimwajiri kwa sura hiyo hiyo. Kila mtu alihisi anamjua, na hakuna aliyeweza kumwelezea.

Mlinzi alimzuia getini.

"Dada, mimi na wewe tunafahamiana wapi?"

"Niambie wewe."

"Tulisoma wote?"

"Ulikuwa unakaa nyuma."

Mlinzi akacheka. Geti likafunguka.

Ndani, dereva wa lori alimwona akikatiza na faili kwapani.

"Dada wa stoo, gari limeshapakiwa. Shika funguo, bosi akiruhusu uniite. Nakunywa chai."

Akazipokea. Akazitia mfukoni.

Maboksi ya dawa ya homa ya watoto yaliyobaki yalipangwa hadi karibu na dari. Alichukua moja.

Uso wake mwenyewe ukamtazama.

Hilo peke yake si ajabu. Dawa halisi aliitangaza yeye: mama mwenye tabasamu, kiganja kwenye paji la uso la mtoto. Lakini mama wa boksi hili hakutabasamu. Macho yake yalikuwa yamelowa.

Akaligeuza boksi kwenye mwanga.

Picha hii haikupaswa kuwepo. Ilipigwa studio, wakati wa mapumziko, alipokuwa akimsimulia mpiga picha habari za mwanawe aliyemzika. Alisikia kamera ikilia.

"Samahani, shemeji, kidole kimeteleza. Naifuta." Mpiga picha akamwonyesha kioo cha Nikon, kitupu kabisa.

Shemeji. Mume wa dada yake.

"Mkuu," alinong'ona. "Mwenye mzigo namjua."

"Nani?"



"Wa nyumbani."

Mlango wa ofisi ukafunguka. Shemeji yake akatoka, amevaa shati jeupe, mstari wa pasi umenyooka mikononi. Dada yake hakosei kupiga pasi.

Mkononi alishika bastola, Glock.

"Shemeji. Leo umepotea njia?"

"Ulisema umeifuta."

Akalitazama boksi. Kidogo aone haya.

"Kumbe ni hilo. Katika picha zako zote, ile ndiyo bora. Mama akiiona ananunua bila kusoma. Vile huwezi kuigiza."

"Sikuwa naigiza."

"Sura yako ni ya kawaida, shemeji. Nani angejua?"

"Mimi."

Akapaza sauti bila kushusha bastola. "Dereva, ondoa gari."

"Funguo nimempa dada wa stoo, bosi," ilijibu sauti kutoka nje.

"Dada gani wa stoo?"

Mama Sabuni akazitoa mfukoni. Zikalia.

Macho ya shemeji yakazifuata funguo, kufumba na kufumbua tu.

Ilitosha.

Teke likampata kwenye kifundo cha mkono. Glock ikaruka, ikateleza chini ya maboksi. Alipoinama kuifuata, goti lilikuwa linamsubiri.

"Mkuu. Anua nguo."

Breki zikalia getini. Buti zikajaa ghalani. Hakuna boksi lililotoka.

"Dada yako atakula nini?" aliuliza shemeji, pingu zikifungwa. "Wanangu wakikuuliza utawaambia nini?"

"Ukweli. Nikiwa nimewapakata."

Alitoka nje. Simu ikatetema.

"Mdogo wangu, umeongea na baba watoto? Simu yake haipokelewi."

Alifumba macho.

"Uko nyumbani, dada?"

"Niko."

"Usitoke. Nakuja."

Getini, mlinzi akampigia makofi.

"Nimekumbuka. Wewe ni yule mama wa sabuni."

"Wengi wananifananisha," alisema.

Akavaa miwani ya jua, akavuka barabara. Mlinzi alijaribu kumfuata kwa macho, lakini upande wa pili kila mwanamke alifanana naye.