Mkasi Uliotajirisha Wilaya

Cherehani ya mshonaji ilikaa barazani, mahali pa kuona uchochoro mzima. Hapo alishona sare za shule, na hapo hapo alilinda. Akimwona mgeni mwenye mkoba na kitambulisho shingoni, aligonga mkasi kwenye chuma cha cherehani. Kang, kang! Milango yote ilifungwa. Hata watoto walijua kunyamaza. Mgeni alipiga hodi wee, akachoka, akaenda zake kwenye maduka ya barabara kuu.

"Watu wa kodi hao," mshonaji alisema huku akicheka. Alijiona mjanja kweli.

Siku moja mama mkwe wake alirudi kutoka zahanati akiwa ameshika kichwa.

"Mkwe wangu, mbona sielewi? Muuguzi kasema dawa zangu za presha ni bure mpaka mwisho wa mwaka tu. Baada ya hapo tutanunua."

"Kwa nini, mama?"

"Eti dawa za bure ni za wilaya zenye kipato cha chini. Watu wa takwimu wamesema sisi tumepanda."

"Sisi nani?"

"Na mimi ndivyo nilivyomuuliza."

Mshonaji alitazama kuta zilizobanduka rangi. Alichanganyikiwa. Utajiri umeingia lini, na umepitia mlango gani? Kisha akaogopa. Mama mkwe alipowahi kukosa dawa alianguka jikoni, sufuria mkononi. Na za kununua hawangeziweza.

Wiki ileile, binti mmoja mwenye mkoba akatokea uchochoroni. Mshonaji aliinua mkasi.

"Shikamoo, mama. Natoka ofisi ya takwimu."

Mkasi ukabaki juu.

"Takwimu? Ndio mliosema sisi matajiri? Hebu kaa hapa unieleze!"

Binti akakaa. "Tunakadiria kipato cha kaya ya katikati, mama. Kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Tunajumlisha kipato chao wote."

"Katikati gani? Mimi nakaa mwisho wa uchochoro."

Binti alicheka. Akaona rundo la sare mezani. "Hizi umezipangaje?"

"Ndogo juu, kubwa chini."

"Nipe ya katikati."

Mshonaji akaichomoa.

"Nusu ya sare ni ndogo kuliko hii, nusu ni kubwa kuliko hii. Kaya nazo tunazipanga hivyo kwa kipato."

"Na yule tajiri mwenye malori barabara kuu? Si ndiye aliyetupandisha?"

"Hata sare yake ikiwa kubwa kama hema, ya katikati ni ileile."

"Basi ni bei. Siku hizi pesa nyingi, vitu vichache."

"Hilo nalo tunalipima. Hatulinganishi pesa za leo na za zamani hivi hivi."

Hapo mshonaji alielewa kidogo. Tepu yake ya kupimia, ya kitambaa, iliwahi kufuliwa ikasinyaa. Mtoto yuleyule akaonekana amerefuka, kumbe tepu ndiyo iliyofupika.

"Sasa kama si tajiri na si bei, mmekosea wapi? Kichwa kinaniuma, mwanangu."

"Hatuwezi kuuliza kila kaya. Tunachagua chache kwa bahati nasibu, kila mtaa, halafu tunakadiria. Lakini hapa kila mwaka milango inazidi kufungwa, wanaobaki kujibu ni wa barabara kuu." Binti akaondoa sare zote ndogo kwenye rundo. "Sasa nipe ya katikati."

Mshonaji akachomoa nyingine. Ilikuwa kubwa zaidi. Akaitazama. Akautazama mkasi. Aibu ikamshika mpaka masikioni.

"Kumbe ni mimi," alisema.

"Wewe vipi, mama?"

"Acha tu. Na watu wa kodi je?"

"Majibu yako hatuwapi. Sheria inatukataza."

Basi akajibu yote. Mapato ya ushonaji, baada ya kutoa vitambaa na uzi. Mshahara wa mume wake, dereva. Hata faida ndogo ya mama mkwe anayeuza mkaa.

"Mimi nami nina kipato?" mama mkwe alishangaa. "Kwa nini hamkuniambia?"

Kisha mshonaji akagonga mkasi kuwaita majirani. Kang, kang! Milango ikafungwa kwa makomeo.

"Fungueni, ni mimi!"

"Si umegonga mkasi?" fundi viatu aliuliza kutoka ndani.

"Nimegonga ili mfungue!"

"Tutajuaje sasa?"

Ikabidi aende nyumba kwa nyumba na lile rundo la sare, akieleza. Wengine walielewa, wengine walikubali tu ili anyamaze. Lakini wote waliochaguliwa walijibu.

Kabla ya mwaka kwisha, makadirio mapya yalitoka. Kipato cha kaya ya katikati kilikuwa kimeshuka. Muuguzi akasema dawa zitaendelea kuwa bure, na uchochoro ukapiga vigelegele.

"Ngojeni," fundi viatu alisema. "Tunashangilia umaskini?"

Mshonaji alifikiri. Hakuwa na uhakika hata sasa. "Umaskini tulikuwa nao tangu zamani," alisema. "Ila tulikuwa tumeufungia mlango, ukadhaniwa haupo."

Mama mkwe alimeza kidonge chake kwa maji. "Juzi tajiri, leo maskini," alisema, "na sufuria ni ileile." Akaibeba mwenyewe kwenda jikoni, na mshonaji akatega sikio mpaka aliposikia imetua jikoni salama.