Aliyeendesha Gari la Jafari

Gari jekundu lilikata kona kabla Emanueli hajagusa kibodi.

Hakushtuka. Magemu ya zamani yana wazimu wake: ukiyatia kwenye kompyuta mpya, ama yanagoma kufunguka, ama yanakimbia kama kuku aliyenusa kisu. Emanueli, fundi kompyuta wa karibu na soko la Kilosa, alikuwa amehangaika na hili siku mbili. Alishapakia programu ya kuifanya kompyuta mpya ijifanye ya zamani, kisha akaipunguza kasi mara tatu. Kazi ilikuwa ya Bi Mwanakheri, muuza vitumbua wa stesheni. Alileta diski ya gemu la marehemu mwanawe, Jafari, akasema, "Nataka tu nisikie tena ule muungurumo wa gari lake, fundi. Nyumba imekuwa kimya mno."

Saa saba mchana, jua likiwaka, duka likaanza kunuka udongo wa kaburi bichi. Nyuma yake mtu akasema taratibu, "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," akajibu Emanueli, macho yakiwa kwenye kioo cha kompyuta. Heshima si utumwa, na mtu aliyelelewa Kilosa haiachi shikamoo idondoke chini. Alipogeuka, hapakuwa na mtu. Mlango alikuwa ameufunga kwa komeo, apate kula.

Jioni alishika chuma cha kulehemu upande wa moto, akajua kwa harufu ya nyama tu. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Kesho yake viganja, keshokutwa mikono mizima, na kila ganzi ilipopanda, gari lile, ambalo sasa lilijiwasha hata kompyuta ikiwa haina umeme, lilizidi kukata kona kwa ustadi, huku pumzi ya mtu anayecheza ikisikika kando ya sikio lake, karibu kabisa, naye Emanueli akiogopa kugeuka, akiogopa kuondoka, akiogopa zaidi kwamba hata hofu yenyewe ilikuwa inapungua siku hadi siku.

Maji yalipozidi unga, yeye Mkatoliki wa kila Jumapili akapanda bodaboda hadi Msowero, kwa Mwalimu Mwinshehe, anayetoa majini kwa kisomo. Mzee akasikiliza kisa cha diski na ile sauti, akamminya vidole, kisha akanong'ona:

"Ulimwitikia?"

"Alinisalimia, mwalimu. Kwa adabu kabisa."

"Huyo si Jafari. Ni jini aliyekuwa akicheza naye. Umemwita mwanao, na mtoto hula kwa baba. Mwenye diski aivunje kwa mkono wake mwenyewe, leo hii, kabla ganzi haijafika moyoni."

Wakarudi wote wawili. Bi Mwanakheri akaja dukani na mchi. Mwalimu akafukiza ubani, akasoma, na mama akauinua mchi juu ya diski. Gari likaunguruma. Sauti ndogo ikasema, "Mama, angalia."

Mchi ukashuka polepole, ukatua mapajani mwake.

"Si yeye, mama," Emanueli alinong'ona. "Umemsikia mwalimu. Nakuomba. Nina mtoto wa miezi saba nyumbani."

"Na mimi ninaye huyu mmoja," alisema Bi Mwanakheri, akilia. "Nisamehe, fundi." Akaifunga diski ndani ya khanga, akatoka nayo. Mwalimu Mwinshehe alimfuata mbio hadi barabarani, akimsihi, asisikilizwe.

Emanueli hakumkasirikia. Alikaa akitazama moshi wa ubani mpaka ukaisha.

Nyumbani, mkewe Agatha alikuwa ndiyo kwanza ametoka kufua. Alimpa mtoto haraka.

"Baba Lilian, hebu mguse. Mikono yangu imepoa kwa maji, siiamini. Ana homa?"

Emanueli akaweka kiganja kwenye paji la uso la Lilian. Mtoto alikuwa akihema haraka haraka, midomo imekauka, macho hayamfuati mtu. Aliyaona yote hayo vizuri kabisa. Akangoja joto, au hofu, au hata huruma. Hakikuja kitu.

"Mzima," akasema. "Mlaze."