Feni Yenye Haya

Bisibisi hakuwa na duka. Alikuwa na meza moja ya mbao kwenye ujia wa jengo la mafundi, kati ya mtengeneza saa na muuza betri. Hakuwa na baba wala mama. Mjomba wake ndiye aliyemlea. Hakuwa na mwavuli, wala viatu vya pili vya kubadilisha siku ya mvua. Hakuwa na mwandiko: herufi zake zililala kila upande, na wateja walizisoma risiti zake kwa kubahatisha. Na zaidi ya yote, hakuwa na mikono inayotulia. Mteja alikuwa hajamaliza kueleza shida ya kompyuta yake, skurubu zimeshatoka na kupangwa mezani. Ndiyo maana wenzake walimpa jina hilo, na ndiyo maana alisifiwa kuwa fundi mwepesi kuliko wote pale. Hakuna aliyewaza kwamba wepesi ule nao ulikuwa hitilafu.

Asubuhi moja ujia ulifurika watu. Katikati ya msukumano akatokea mwanamke amekumbatia sanduku la kompyuta ya mezani lililofunikwa kitambaa, kama mtu anayemkimbiza mtoto mwenye homa hospitali. Msukuma mkokoteni akampigia kelele apishe njia. Alipopisha, kiwiko chake kikagonga kikombe cha Bisibisi, na chai yote ikaishia kifuani kwa fundi.

"Samahani, kaka. Nimekumwagia."

"Shati linafulika, dada. Kompyuta haifuliki. Iweke hapa kabla hujaiangusha."

Akaiweka. Hapo ndipo Bisibisi alipomtazama vizuri. Alivaa gauni la kijani kibichi lililomkaa kana kwamba kitambaa kilifumwa yeye akiwa ndani yake, na vifungo vya manjano vilipanda kutoka kifundo cha mkono hadi kwenye kiwiko. Shingoni ilining'inia futi ya kupimia nguo, aliyoisahau kuivua.

"Naona umekuja na futi kabisa. Unataka kunipima?"

"Nikikupima itabidi nikushonee shati," alisema yule mwanamke. "Hilo ulilovaa limekwisha habari yake."

Alifanya kazi katika karakana ya ushonaji ya shangazi yake. Yeye ndiye aliyechora kwenye kompyuta vipande vya nguo, mkono, kola, mgongo, kisha printa kubwa ikavitoa kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, wakataji wakafuata mistari. Washonaji walimwita Sentimita, kwa sababu aliwahi kurudisha mikono ya magauni ya harusi nzima kwa kuzidi sentimita moja. Shida yake ilikuwa feni ya ndani ya kompyuta. Ilizunguka vizuri, kisha ikagoma bila taarifa. Kompyuta ikapata moto, ikajizima, na mchoro aliouhangaikia ukapotea.

"Ngoja nikueleze inagoma wakati gani," alianza kusema.

Lakini Bisibisi alikuwa ameshailaza kompyuta ubavu, kifuniko kimetoka. Akaiwasha. Feni ikazunguka kwa upole bila kukwaruza. Akapuliza vumbi na vipande vya nyuzi vilivyojazana ndani, akatamka kwamba mgonjwa amepona.

Mgonjwa hakupona. Siku chache baadaye simu ikalia, Bisibisi akaenda karakanani. Akaichukua kompyuta kutoka pembeni mwa printa, akaipeleka kwenye meza ya kukatia nguo, akailaza, akaifungua. Feni ikazunguka. Alipoitwa tena akabadilisha feni, akatia mpya. Alipoitwa tena akabadilisha waya wa umeme. Kila mara ilikuwa hivyo hivyo: akiwepo inazunguka, akiondoka inagoma. Washonaji walicheka hadi wakashindwa kutia uzi kwenye sindano, wakasema feni hii ina haya, haiwezi kukosa adabu mbele ya mgeni. Sentimita alimwomba zaidi ya mara moja avute kiti akae, aitazame akiwa yeye yuko kazini. Bisibisi akamjibu kwa tabasamu kwamba yeye ni fundi, si mtazamaji.

Hata hivyo mapenzi yalikuwa yameshapata mlango. Mwanzoni Bisibisi alipiga simu jioni kuuliza hali ya feni, kisha hali ya mwenye feni. Baada ya muda mpangilio ukageuka, na mwishowe feni ikawa haiulizwi kabisa. Sentimita alimshonea lile shati alilomtania, la rangi ya samawati, bila kumpima hata mara moja, na lilimkaa sawasawa. Alipoulizwa aliwezaje, alisema macho yake nayo yana sentimita.

Shangazi hakupendezwa. Alikuwa mwanamke wa miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani, na zote alizitumia kuwatazama. Kwa kuwa kila mara fundi alipofika kompyuta ilikuwa nzima, aliamini kwamba binti wa kaka yake anaizua ile shida ili amwone kijana wake. Wakati huo walikuwa wamepata kazi kubwa ya sare za wanafunzi wa uuguzi, na shangazi alisema wazi mbele ya washonaji wote: sare zikichelewa, kompyuta itauzwa, watarudi kuchora kwa chaki, na Sentimita atarudi kushona vifungo.

Kwa bahati mbaya, mtengeneza saa alikuwa na wazo hilo hilo. "Feni haina ubaya, ndugu yangu," alimwambia Bisibisi. "Mwenye feni ndiye anayekuita." Bisibisi alijifanya kukasirika, lakini maneno yale yalimwingia kama sukari. Simu ilipolia mchana ule, kichwa kilikuwa kimeshavimba.

"Imegoma tena," Sentimita alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Njoo sasa hivi, tafadhali. Na safari hii ukae uitazame."

"Laazizi, feni ile haina ubaya wowote," Bisibisi alisema, huku akimkonyezea mtengeneza saa. "Ukitaka kuniona si useme tu?"

Nyuma yake wanaume wakacheka.

"Fundi," Sentimita alisema, na neno hilo lilimpa Bisibisi baridi, kwa kuwa siku nyingi alikuwa hamwiti hivyo. "Shangazi ananiambia mimi ni mwongo. Nimemwapia kwamba siyo. Nilidhani duniani kuna mtu mmoja anayejua kwamba siyo. Usinipigie tena."

Na kweli, Bisibisi alipopiga, simu haikupokelewa. Siku za kwanza alijipa moyo kwa kununa. Wanawake bwana, alimwambia muuza betri. Baadaye hata kununa kukamshinda. Alilivua lile shati la samawati, akalikunja, akashindwa kuliweka sandukuni, akalivaa tena.

Jumapili akaenda kumsalimia mjomba na kula chakula cha mchana. Alimkuta amejinyoosha kwenye kochi, anamlaumu daktari. Mgongo ulikuwa unamtesa kwa wiki nyingi, na daktari alikuwa amesema hauna kitu.

"Kanilaza kitandani, mpwa wangu, akabonyeza hapa, akabonyeza pale, akaniuliza wapi panauma. Nikilala hapaumi! Maumivu yangu ni nikiwa wima, nimebeba ndoo. Nikamwambia, daktari, niache ninyanyuke uone. Hakunisikiliza. Mkono ulikuwa umeshafika mgongoni kabla mdomo wangu haujafunguka."

Bisibisi aliacha kutafuna. Akaiona ile kompyuta: kwa Sentimita ilikaa wima, pembeni mwa printa. Kwake yeye ililala ubavu, kila mara, kabla hajaitazama hata kidogo. Na kuna mtu aliyemwomba akae atazame. Hakumsikiliza. Akaaga chakula kikiwa nusu sahani.

Kesho yake alisimama kwenye mlango wa karakana, shati la samawati limepigwa pasi. Cherehani zikanyamaza. Shangazi akabadilisha miwani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Leo hujaitwa."

"Sijaitwa, na kifaa sitagusa. Mkoba wangu wa vifaa huu hapa, ukae kwako." Akaupeleka hadi chini ya cherehani ya shangazi. "Naomba kiti tu."

Shangazi alimpima kwa macho kutoka juu hadi chini, kisha akakisukuma kiti kwa mguu.

Sentimita hakugeuza shingo. Bisibisi alimwomba kwa sauti ya chini afungue kifuniko cha ubavuni mwenyewe, kompyuta ikiwa hapo hapo, wima hivyo hivyo. Akafungua bila neno, akarudi kwenye mchoro wake. Bisibisi akaibana mikono yake katikati ya magoti, akatazama. Kwa mara ya kwanza alimwona akiwa kazini: jinsi alivyouma mdomo wa chini kwenye kona ya kola, jinsi alivyofuta mstari ambao mtu mwingine angeuacha. Feni ilizunguka. Vidole vya fundi viliwasha, akavibana zaidi.

Kisha Sentimita akaamuru printa itoe michoro. Printa ikaanza kwenda na kurudi, na meza iliyobeba printa na kompyuta ikatetemeka yote. Ndani ya kompyuta, waya mmoja mwekundu, mrefu kuliko ilivyohitajika, ukaanza kuteleza. Ukateleza polepole kwa kila mtikisiko, hadi kona yake ikaingia kwenye mapanga ya feni. Feni ikatetemeka, ikakoroma, ikatulia.

"Imegoma," Bisibisi alisema.

"Nani kasema?" Sentimita aliuliza, bado hajageuka.

"Mimi. Nimeiona kwa macho yangu." Akanyanyuka, akaongea kwa sauti ya kusikika hadi cherehani ya mwisho. "Shangazi, na ninyi wote, njooni muone. Nilipokuwa nikiilaza, waya huu uliangukia upande wa pili, ndiyo maana kwangu feni ilizunguka. Huyu alisema kweli tangu siku ya kwanza. Mimi ndiye niliyekuwa sisikii."

Wakasogea, wakainama mmoja mmoja. Shangazi alitazama kwa miwani ya kwanza, akatazama kwa ya pili. Kisha akavua zote, akamwambia binti wa kaka yake mbele ya watu kwamba amemkosea, na kwamba meza ile ni yake, hakuna atakayemwondoa.

Bisibisi hakuomba mkoba. Alisema kinachotakiwa ni uzi tu. Sentimita akaizima kompyuta, akakata uzi imara wa kushonea, akaurudisha waya ukutani mwa kompyuta, akaufunga kwa fundo la kishonaji, moja na jingine juu yake. Akawasha. Printa ikatetemeka mchana mzima, karatasi zikamiminika, mikono, kola, migongo, na feni haikukwama hata mara moja. Mshonaji mmoja akapiga kigelegele. Sare zilikabidhiwa siku iliyoahidiwa, na wauguzi wapya wakapita barabarani kwa mstari, sare zao nyeupe pe, hakuna mkono uliozidi sentimita.

Jioni ya siku hiyo simu ya Bisibisi ikalia.

"Ulinikosea kwa simu," Sentimita alisema, na safari hii sauti ilikuwa na kicheko ndani yake. "Kwa hiyo neno lolote kubwa ulilonalo, kwa simu silitaki. Andika barua kwa shangazi. Kwa mkono wako."

"Mpenzi, mwandiko wangu unaujua."

"Naujua. Ndio huo ninaoutaka."

Mtengeneza saa, mwenye mwandiko wa kupendeza, alijitolea kumwandikia. Bisibisi alikataa. Alikaa na karatasi kama alivyokaa na ile feni, bila haraka, na herufi zake zilizozoea kulala zikajitahidi kukaa wima. Hakuandika mengi. *Shangazi, uliponipa kiti nilijifunza kutazama na kusikiliza. Naomba ruhusa nikae karibu na binti yako hivyo hivyo, maisha yangu yote.*

Akaikunja barua, akaitia kwenye bahasha, akalamba gundi, akabana kingo kwa dole gumba hadi zikashika. Mjomba alikuwa anasubiri mlangoni kwa kanzu safi na fimbo, mgongo umenyooka, kwa maana mpwa wake alikuwa amempeleka kwa daktari mwingine na kudai apimwe akiwa wima. Akaipokea bahasha kwa mikono miwili, akaitia mfuko wa ndani, akashika njia ya karakana.