Simu ya Marehemu Shueib

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Hamda alifagia duka la ushonaji la mama yake, Awo, mjini Maua. Awo alishona sare za shule. Oda nyingi ziliingia kupitia tovuti aliyoitengeneza Shueib, kaka yake Hamda. Shueib alijua kila kitu isipokuwa kuendesha gari polepole. Pikapu yake ya miraa ilipinduka, na sasa alikuwa na miezi miwili kaburini.

Wiki moja tovuti ilizimika. Shule zilikaribia kufunguliwa, lakini oda zikakatika. Awo akamwambia Winfred, msaidizi wake, arudi kwao Karurumo kwanza.

“Kwanza mpaka lini, Mama Shueib?” Winfred aliuliza akifunga mkoba.

Jumamosi Awo alimchukua Hamda wakaenda kwa Nelius, kijana mwenye saiba, duka la intaneti.

“Tovuti haijafa,” Nelius alisema. “Usajili wa jina la tovuti, ile anwani yake ya intaneti, ndio umeisha muda. Tumtafute anayelisimamia.”

Aliliandika jina lile kwenye ukurasa wa usajili, akaiona kampuni iliyolisajili, akaipigia.

“Msimamizi ni Shueib,” sauti ilijibu. “Tumemtumia maonyo kwa simu, kimya. Tunaweza tu kutuma nambari ya siri kwenye simu hiyohiyo. Kesho jina litaachiliwa, yeyote alichukue.”

“Simu ilipotea kwenye ajali,” Awo alinong'ona.

Hamda alikazia macho kibodi kana kwamba herufi zimehama. Simu haikupotea. Baada ya mazishi, vitu vya marehemu vilipokusanywa vitolewe sadaka, yeye aliificha. Ndani yake mlikuwa na sauti ya Shueib ikimgombeza kwa kumaliza chapati zake. Maonyo aliyaona pia. Aliyafuta.

“Hooyo,” alisema, akimwita mama kwa Kisomali kama nyumbani, “simu ninayo.”

“Wapi?”

“Chini ya godoro.”

“Na maonyo?”

“Niliyaona. Niliogopa nikisema mtaichukua.”

Nelius, ambaye hakosi utani hata matangani, alimwonyesha Hamda mlango tu.

Hamda alikimbia nyumbani akaileta. Nambari ya siri ikaingia. Nelius akalipia usajili, akafungua mipangilio, akamwandika Awo kuwa msimamizi. Jioni tovuti ikafunguka, lakini shule mbili zilikuwa zimeshampata fundi mwingine mjini Kangeta.

Awo hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

“Kumlilia kaka yako si kosa,” alisema. “Ungeniomba simu, ningekuachia. Lakini uliniona nikihangaika, ukajua sababu, ukanyamaza. Huo pia ni uongo, Hamda, na umemtoa mtu kazini. Ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajaumia.”

Akampa simu yake mwenyewe. “Mpigie Winfred. Umwambie wewe, si mimi.”

“Haloo, Mama Shueib?” Winfred aliitika haraka, kama mtu aliyekuwa akingoja.

Hamda aliibana simu sikioni.

“Ni mimi, Hamda. Kazi yako ilikatika kwa sababu yangu.”