Pumzi Iliyotoka Bahari Kuu

Chumvi ndiyo iliyoanza. Asubuhi ya Jumatatu ya Pasaka, mwaka 1958, Katarina alifunua kopo la chumvi akakuta maji matupu. Hakushtuka, kwa kuwa masika ya Ifakara hulowesha hata viberiti vilivyo mfukoni. Aliyamwaga, akanunua chumvi nyingine dukani, na kesho yake akakuta maji tena. Mchana mumewe, Raimundi, alionja mboga akakunja uso, akamtania kwamba kumbe mkono wake wa kutia chumvi umekuwa mzito. Katarina hakucheka. Mboga ile hakuwa ameitia chumvi hata chembe.

Raimundi alikuwa na kazi ambayo majirani hawakuchoka kuifanyia mzaha: alikusanya hewa. Mzungu mmoja mtaalamu alikuwa amezunguka na meli akichota hewa ya juu ya bahari kuu katika chupa nene za kioo, kisha akaja bondeni achote na ya kwetu, alinganishe. Alichokitafuta ni ile hewa inayotoka puani mwa watu na kwenye moto, ambayo angani imo kidogo sana, kidogo hivi kwamba pumzi ya mtu mmoja ingeivuruga hesabu yote. Kwa hiyo Raimundi alifundishwa kwenda mbugani peke yake, kuuelekea upepo, kubana pumzi, kufungua bilula ya chupa iliyokwisha kunyonywa hewa yote, kuisikia ikivuta, na kuifunga kabla hajapumua. Aliijua kazi hiyo, na alijivuna nayo kuliko ilivyostahili.

Mafuriko yalipofunga barabara, mtaalamu alikuwa amekwama Mahenge, ng'ambo ya mto, na masanduku yake yakabaki chumbani kwa Raimundi. Sanduku moja lilikuwa la chupa zenye hewa ya baharini, jingine la chupa zisizo na kitu. Kwa macho ya mtu mwingine yeyote, zote zilikuwa tupu.

Harufu ilifuata baada ya chumvi. Ilikuwa ya samaki, lakini si kitoga wala perege, wala samaki yeyote wa mto wetu. Nguo zilizoanikwa ndani zilikauka zikiwa na unga mweupe mikunjoni. Kisha, mchana mmoja wa mvua, binti yao Rosa alilala mkekani na Raimundi akasikia pumzi yake. Mtoto alivuta hewa polepole, akavuta, akaendelea kuvuta kupita kiasi cha kifua kidogo kama kile, akakaa kimya mpaka baba yake akainuka kitini, ndipo akaiachia kwa mshindo mrefu wa maji yanayobingirika na kurudi, na maji hayo, Raimundi angeapa mbele ya padri, hayakusikika mdomoni mwa mtoto tu bali ukutani, chini ya kitanda na nyuma ya mgongo wake mwenyewe, yakienda na kurudi, yakienda na kurudi.

Alimwita mkewe. Katarina alisimama mlangoni, asiingie.

"Baba Rosa," akasema kwa sauti ya chini, "nilichukua chupa moja."

Jumamosi Kuu kila nyumba hupeleka chupa kanisani kuchota maji ya baraka. Za kwao zote zilinuka mafuta ya taa, na Katarina aliona aibu kuweka maji ya Mungu ndani ya mafuta ya taa. Akachukua moja ya zile safi sandukuni. Rosa alikuwa amemshikilia kanga, akichungulia, bilula ilipofunguka.

"Ilipumua," akasema Katarina. "Ilimpumulia mtoto usoni. Nikadhani ni uvundo tu wa kukaa imefungwa. Nikaiosha."

Raimundi alikasirika, na kwa aibu yake alichokiwaza kwanza ni kazi. Kisha Rosa akavuta tena, midomo yake ikawa ya kijivu, na kazi ikamtoka kichwani.

Bibi Verediana, mganga wa Lupiro, alivushwa kwa mtumbwi. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali wa maneno na mpenzi wa ugoro. Aliitikia shikamoo zao bila kuwatazama, akaweka sikio kifuani kwa mtoto, akauliza ni nani humo. Rosa, mtoto ambaye bado alikuwa akisema "maki" badala ya samaki, alifumbua macho akajibu kwa sauti pana, isiyo na haraka.

"Nilikuwa mahali pasipo kifua cha mtu. Nikavutwa, nikafungiwa gizani. Hapa pana kupanda na kushuka. Sitoki."

Bibi aliwavuta wazazi kando. Alisema jini huyu hamwogopi mtu na hasikii dawa za nchi kavu. Ni jini wa upepo, huenda anakovutwa. Na akiachwa, mtoto hataiona Jumapili, maana kifua hicho ni kidogo na mgeni ni mkubwa. Raimundi aliyatazama masanduku. Alijua kitu gani chumbani mle kinavuta.

Walibana pumzi wote watatu. Raimundi alimziba mtoto pua, akaingiza mdomo wa chupa iliyonyonywa kati ya midomo yake, akafungua bilula. Chupa ilivuta. Kwa kawaida hujaa mara moja na kunyamaza, lakini safari hii ilivuta bila kukoma, na kifua cha Rosa kikabonyea, mbavu zikajitokeza, kucha zikageuka rangi, na kioo kikaanza kulia mkononi mwa Raimundi huku bilula ikikataa kuzungushwa. Hofu ilimshika akasahau hata kuiondoa.

Katarina ndiye aliyeipiga chupa ikapasukia sakafuni. Alikuwa ametoa pumzi yake yote nje, mpaka akawa mtupu kama vile chupa zenyewe. Akainama, akaweka mdomo wake juu ya mdomo wa mwanawe, akavuta.

Rosa alikohoa, akalia kilio cha mtoto, akaomba uji. Raimundi alimkumbatia akilia. Alipogeuka, mkewe alikuwa ameketi ukutani, mkono mdomoni, kifua chake kikipanda polepole, kikipanda bado.

Bibi Verediana alitikisa kichwa. Alisema aliyeingizwa bila kujua hutolewa, aliyekaribishwa haondoki. Katika kifua cha mtu mzima atatulia, Katarina ataishi. "Ila kwa mtoto njia anaijua," akamwambia. "Siku utakayompumulia usoni, atarudi."

Raimundi alibembeleza, akataja padri, akataja hospitali. Katarina alisikiliza, kisha akafunga nguo za Rosa kitambaani. Mama yake mzazi, Tekla, alikuja kumchukua mjukuu kutoka Kisawasawa. Mtoto alimkimbilia mama yake aagwe, akainua uso abusiwe kama siku zote. Katarina alimzuia mabegani kwa urefu wa mikono miwili, akageuka pembeni.

Rosa aliuliza amekosa nini. Aliuliza tena kutoka mgongoni kwa bibi yake, akilia, mpaka walipofika penye kona ya njia, na Katarina akaendelea kumpungia mkono, machozi yakimtiririka, mdomo ameufumba kwa nguvu zake zote.